Ndevu za Silvio na Barua Ambayo Sikuiandika

Nyumbani kwa Mama Amelia,
Rahaleo, Mtwara.
8 Oktoba 2024

Mpendwa Neusa, mtani wangu,

Salamu kwanza, hata kama hukuzitaka. Mama yangu, shangazi yako Amelia, alitulea sote wawili tukijua kwamba hata mtu mliyegombana naye, ukimkuta mlangoni, unamjulia hali kabla ya jambo lingine lolote. Basi, u hali gani? Kile kifua kilichokusumbua kwa baridi ya Sumbawanga kimepona? Shemeji Ivo mguu wake unaendeleaje tangu ateguke?

Huku afya ipo. Mama anapiga chafya kutwa, maua ya mikorosho yanamwasha pua kama kila mwaka. Baba yako, mjomba wangu Bernardino, nyonga bado inamsumbua lakini anakula na anafika kanisani. Habari za ndugu yako Silvio nitakueleza kwa mpangilio wake, maana ulizozipata wewe zimepita vinywa vingi kabla ya kukufikia.

Ujumbe wako wa tarehe 22 ninao bado kwenye simu. Maneno matano tu: "Umemuuza ndugu yangu. Usinipigie tena." Nikapiga, hukupokea. Barua pepe siwezi kukutumia, na ukisoma utajua sababu. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Mwandiko huu ulinifundisha wewe mwenyewe kwa kijiti mchangani, mpaka leo herufi zangu zinalala upande kama walevi, na sidhani kama kuna tapeli anayeweza kuuiga. Nampa Mwanahamisi, muuguzi jirani yetu aliyehamishiwa huko, akukabidhi mkononi. Na humu, Neusa, hamna utani hata chembe.

Kazi yangu unaijua. Kampuni yetu inapika na kufua kwa ajili ya wafanyakazi wa kule Madimba kwenye gesi, na mimi ni karani wa ajira. Akitakiwa mpishi au dobi, tangazo linatoka, na chini yake kuna jina langu na anwani yangu ya barua pepe. Tangazo hilo linabandikwa, linapigwa picha, linarushwa kwenye magrupu. Jina la Telma linafika mahali ambapo mwenyewe sijawahi kukanyaga.

Silvio na cheti chake cha umeme, kila nikifika Kitaya ananisumbua nimtafutie nafasi, hata ya kubadilisha balbu. Na mimi kila mara namjibu, "Siku utakayonyoa hayo mandevu nitakuajiri, mtani. Kampuni haiajiri beberu." Miaka sita tumecheka hivyo. Jambo ambalo hajui, na wewe hujui, ni kwamba maombi yake nimeyapeleka mara mbili kimyakimya, na mara zote mbili yamekataliwa. Sikumwambia. Niliona afadhali anicheke kuliko akate tamaa.

Alhamisi tarehe 12 Septemba akanitumia picha kwenye simu. Kidevu kitupu, cheupe kuliko uso wote. Hakuandika neno. Nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakageuka, nikamjibu hapo hapo: "Hatimaye! Sasa unaajirika." Nilidhani ni joto, au Rukia mkewe amechoka kuchomwa na zile ndevu. Sikuuliza. Nikarudi kwenye kazi zangu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba asubuhi ile alikuwa amepokea barua pepe ya ajira yenye jina langu. Na wewe unajua kwetu mtu hamshukuru mtani wake kwa maneno. Ukimwambia mtani asante umemgeuza mgeni. Unamlipa kwa kitendo, kisha unamtukana. Kile kidevu kilikuwa ndiyo asante yake, Neusa. Na yale maneno yangu mawili matatu ya kejeli yakawa kwake ndiyo muhuri wa ile barua.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta wasichana wawili getini, wametoka Nanyamba wakiulizia jina langu, kila mmoja na begi lake. Walinisalimia kwa heshima zote, wakanionyesha karatasi waliyochapishiwa steshenari. Nilisoma nimesimama. Jina langu, cheo changu, anwani yangu ya ofisini herufi kwa herufi. Namba ya simu tu ndiyo haikuwa yangu. Ilisema kuna kazi kwenye kambi ya gesi ng'ambo ya Ruvuma, aliyechaguliwa atume ada ya vipimo vya afya kwa simu, kisha aripoti kambini Ijumaa tarehe 20 akiwa na vyeti halisi. Mmoja wao akaniuliza kama amepangwa jikoni au kufua. Nilipomwambia kwamba barua ile siijui, hakulia wala hakugomba. Aliikunja karatasi yake vizuri akairudisha kwenye begi, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea na kesho nitakumbuka.

Kesho yake nilikwenda kwa Zuberi, fundi wetu wa kompyuta. Alipekua nusu saa, akaniambia hakuna aliyeingia kwenye anwani yangu. "Hawajakuibia ufunguo, dada," alisema. "Wameandika jina lako nyuma ya bahasha yao. Nani atawauliza posta kama ndio wewe?" Nikamuuliza kama nikibadilisha neno la siri watakoma. Akasema hata nikibadilisha kila siku, bahasha ni yao na kalamu ni yao. Mimi ninachoweza ni kuwatangazia watu, basi. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Wakubwa walinisikiliza. Walitikisa vichwa, wakasema wananielewa, na Jumatano mchana wakanipa barua ya kunisimamisha kazi kupisha uchunguzi. Polisi nilikwenda pia, nikaandikisha maelezo, wakachukua nakala ya ile karatasi.

Jioni ile nilikuwa uani na mama tunamenya mihogo, namsimulia. Mama akasema, "Maskini watoto wa watu. Hiyo ng'ambo yenyewe, na vita vyake, sasa hivi nani anaiendea?" Na mimi nikamwona Silvio na kile kidevu chake. Niliona kila kitu kwa mara moja, picha, kucheka kwangu, "sasa unaajirika". Kisu kilinianguka. Mama akadhani nimejikata.

Nikampigia. Nilimwambia bila salamu kwamba ile barua si yangu, ni ya matapeli, asivuke. Akaangua kicheko.

"Umeanza! Juzi unanisifu, leo unanikana?"

"Silvio, nakuapia kwa kaburi la bibi."

"Kwa kaburi la bibi uliniapia pia kwamba bwana mifugo hahesabu mbuzi wachafu. Mbuzi kumi na mmoja, Telma! Niliwaosha kwa sabuni, Kitaya nzima inaangalia. Safari hii hunipati."

Unalikumbuka lile la mbuzi, ulicheka mpaka ukaomba maji. Basi hapo ndipo nilipojua kwamba kiapo changu nilikwisha kukila mwenyewe. Wazee waliposema mzaha mzaha hutumbua usaha nilikuwa nadhani wanatuonea wivu. Nilimpigia Rukia, naye akacheka, "Wifi, mwacheni mume wangu aende kazini." Simu ya mjomba haikupatikana. Silvio mwenyewe akazima yake, kwa kulinda chaji, au ili nisimharibie furaha.

Alfajiri ya Alhamisi nikachukua bodaboda hadi Kitaya. Ile barabara unaijua, vumbi liliniingia mpaka kwenye meno. Nilimkuta Rukia anafagia. Akaniambia mumewe ameshuka mtoni sasa hivi, yeye na wenzake wawili, wanavuka leo ili kesho wawe kambini mapema. Alikuwa tayari amefungua mdomo anitanie, na mimi sikumjibu hata salamu. Nadhani hilo ndilo lililomshtua. Nikamwambia, "Mwite mjomba. Mwambie mwanawe anakwenda kufa." Akatupa ufagio akakimbilia shambani.

Mto umepungua sana msimu huu, umeacha mchanga mrefu kabla ya maji. Nilikimbia mchangani na viatu vyangu vya ofisini mkononi. Silvio alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na begi la vyeti amelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Aliponiona akapiga makofi. "Amekuja kunisindikiza, mwajiri wangu!" Wenzake wakacheka, mwenye mtumbwi naye akacheka.

Nikamtolea barua yangu ya kusimamishwa. Akaisoma, akatoa ya kwake. Ya kwake ilikuwa na nembo ya rangi na muhuri wa bluu unaong'aa. Ya kwangu ilikuwa imefifia, mashine ya ofisini wino ulikuwa unakwisha. Akaziweka pamoja akawaonyesha wenzake, akauliza, "Kati ya hizi mbili, ipi ya kughushi?" Na kweli, ungekuwepo wewe, ungeinyooshea kidole ya kwangu.

Nikapiga magoti pale kwenye mchanga. Nilimwita kaka. Nilimwambia, kaka Silvio, nakuomba, shikamoo, usivuke. Sijapata kumwamkia maisha yangu yote, nilidhani hilo litamfungua macho. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kwao ulikuwa utani mkubwa kuliko wa mbuzi. Ulipoanza mtumbwi kusogea niliingia majini, nikashika ukingo wake, maji yakanifika mapajani. Mwenye mtumbwi akapiga kelele kwamba pale pana mamba. Silvio akainama, akanibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, bila kuniumiza. Akasema, "Mtani, sasa imetosha." Na alipokuwa mbali akanigeukia, akajipapasa kidevu.

Mjomba alifika na Rukia mtumbwi ukiwa katikati ya mto. Alimwita mwanawe kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo. Silvio akasikia. Akasimama kwenye mtumbwi, akapunga mkono wote kwa furaha, akidhani baba yake amekuja kumuaga.

Tulikwenda kwa mtendaji, tukawaambia askari wa doria, wakachukua majina yote matatu wakaahidi kuulizia ng'ambo. Nikampigia simu mama kwamba sirudi. Nilikaa kwa mjomba siku tisa. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na ningefurahi kama angefanya hivyo. Alikuwa anakula kidogo, anakaa upande wa ukuta unaoelekea mtoni, na akiniita ananiita "mwanangu" kama kawaida. Unajua miaka michache nyuma Kitaya ilivyovamiwa na wenye silaha kutoka upande ule. Kila pikipiki iliyonguruma, watu walinyanyuka.

Siku ya tano wanawake walikuja kukaa na Rukia. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachota maji, nikamsikia mmoja wao anasema kwa sauti ya chini, "Likitokea la kutokea, mtani wake yupo hapa hapa, hatutahangaika kumtafuta." Hakuwa na nia mbaya. Mtani ndiye anayechekesha wafiwa, ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake. Niliacha ndoo pale pale. Nilimwona Telma amevaa lile shati jeupe, anajipapasa kidevu mbele ya watu ili wacheke.

Ujumbe wako ulikuwa umeshanifikia kabla ya siku hiyo. Sikumuuza ndugu yako, lakini ningekuandikia nini, kwamba nilimchekea tu?

Jumamosi tarehe 28, adhuhuri, Silvio akatokea njia ya mtoni, peke yake kwa miguu. Wenzake wawili walikuwa wameishia majumbani kwao, wazima. Amekonda, midomo imepasuka, ndevu zimeanza kuota kama majivu. Begi la vyeti hakuwa nalo. Rukia alimkumbatia akalia kwa sauti. Mjomba alimshika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto. Mimi nilibaki mlangoni, akapita karibu yangu akaingia ndani.

Yaliyompata alimweleza baba yake, na mjomba ndiye aliyenieleza mimi. Walifika hadi mahali palipoandikwa kwenye barua. Geti lipo, kambi ipo, kazi hamna. Mlinzi alipowaona na karatasi zao hakushangaa hata kidogo. Aliwauliza, "Na nyie ni wa Telma?" Akaingia kwenye kibanda chake akatoka na boksi lililojaa karatasi zile zile, za watu waliowatangulia, zote zina jina langu chini. Akawaambia wachague mahali pa kuziongezea za kwao. Walipogeuka kurudi walikamatwa njiani kwa kutokuwa na hati za kusafiria, wakawekwa ndani siku sita, wakihojiwa nani aliyewatuma. Kila walipoulizwa walijibu kweli kadiri walivyoijua. Walilitaja jina langu.

Nililala usiku mmoja tu baada ya hapo, nikarudi mjini. Uchunguzi wa ofisini haujaisha. Zuberi amewapa wakubwa maelezo ya njia iliyopitia ile barua, kwamba haikutoka kwetu, na mwisho wa mwezi nitajua kama nina kazi. Barua zenyewe bado zinatoka. Juzi mtu amenipigia kutoka Masasi. Tafadhali, mwambie shemeji Ivo, na vijana wote wa huko wanaotafuta kazi: barua yoyote ya ajira yenye jina langu ni ya uongo, hata kama anwani ni yangu kabisa. Mimi simwajiri mtu kwa barua pepe, wala siombi ada. Atakayeniamini hata mmoja tu, nitashukuru.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikae kukuandikia.

Juzi Jumapili, baada ya misa, Silvio alikuja hapa Rahaleo. Mama alimwona kwanza akapiga kigelegele. Mimi nilitoka jikoni nikifuta mikono, nimeshaandaa matusi yote ninayoyajua, maana nilisema moyoni, akinitukana tu, hata lile la kichwa cha kambale, nitajua tumepona. Ndevu zimerudi nusu. Amevaa shati lile lile jeupe, lina doa la kutu begani. Alisimama mbele yangu, akavua kofia, akaangalia miguu yangu.

Akasema, "Shikamoo, dada Telma."

Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi na Silvio. Mama zetu walitubeba kwa zamu. Miaka thelathini na sita hajapata kuniita dada, wala kuniamkia, hata siku niliyoolewa aliniita mzigo uliopata mbebaji. Nilisubiri acheke. Hakucheka. Mama alikuwa ananitazama, na salamu haiachwi hewani, basi nikaitikia, "Marahaba." Akaketi, akanywa chai, akazungumza na mama habari za mpunga, akanishukuru kwa chai. Alinishukuru, Neusa, kwa maneno, "Asante sana, dada." Kisha akaaga akaenda zake.

Sijui kama ananilaumu. Akinilaumu kwa barua ile nitajitetea, maana sikuiandika. Lakini kama ananilaumu kwa kucheka, sina pa kushika. Nilichopoteza matapeli hawakijui wala hakina faida kwao, nacho hakichapishwi upya kama vyeti. Silvio ameniweka mbali, mahali anapoweka watu wa heshima.

Nisalimie shemeji Ivo na watoto wote, ukianzia na yule mdogo aliyechukua masikio ya babu. Mama Amelia anakukumbatia na anauliza utakuja lini. Mjomba anasema usiwe na wasiwasi naye. Rukia anakusalimu. Mungu awalinde na safari zote msizozijua mwisho wake, na yule anayeandika majina ya watu kwenye bahasha zake naye ampe mwanga, au ampe kuhara, lolote atakaloona linafaa.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mwanahamisi atarudi huku Desemba kumalizia mizigo yake. Mpe jibu, kwa mkono wako. Usiniandikie "Mpendwa". Usiniulizie afya. Anza na tusi, Neusa, lolote unalolikumbuka, kubwa kabisa. Nikilisoma hilo nitajua umeniamini, na nitampelekea Silvio akalione.

Ni mimi nikupendaye, na ambaye bado ni mtani wako ukinikubali,

Telma